Helikopta Iliyobaki Dukani

Mafuta ya nyonyo yakiungua hutoa harufu nzito, tamu kidogo, inayokaa kooni. Wengine wakiisikia hukumbuka dawa za bibi zao. Mimi hukumbuka Jumapili za Ilemela, kwenye uwanja mkavu kati ya mawe na ziwa, ambako Mzee Lalji, muuza vipuri vya baiskeli wa Mirongo, alikuja kurusha helikopta zake ndogo za rimoti. Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, na maduka yaliyozoea kuwa matupu yalikuwa yakijaa vitu tusivyojua hata majina yake. Mzee Lalji alichanganya nyonyo na spiriti, akaiwasha injini isiyozidi ngumi ya mtoto, na kile kidude kikapaa kikilia kama nyigu, kikabinuka, kikaelea tumbo juu, kisha kikarudi sawasawa. Pacha wangu Kulwa alikuwa akitazama ameketi juu ya jiwe, maana hakuweza kusimama muda mrefu. Moyo wake ulikuwa na tundu.

Mimi ni Doto, binti niliyezaliwa wa pili. Wakati huo tulikuwa darasa la tano, ingawa Kulwa alihudhuria siku mbili tatu tu kwa wiki. Mimi nilikuwa buheri wa afya, jambo ambalo nyumbani kwetu lilianza kuonekana kama utovu wa adabu. Madaktari walikuwa wamemwambia baba kwamba operesheni ya namna ile haifanyiki hapa nchini, na kwamba mtoto apewe anachokipenda. Kulwa alipenda kitu kimoja: kuishika rimoti mwenyewe na kuibinua helikopta angani, walau mara moja. Mzee Lalji alikubali kumfundisha kila Jumapili, ila kwa sharti kwamba awe na ya kwake, kwa sababu anayejifunza huvunja. Baba, aliyekuwa amepunguzwa kazi kiwandani na sasa anapakia maboksi ya minofu ya sangara kwenye ndege za mizigo, alijinyima miezi kadhaa. Jumamosi moja akatuchukua sote wawili hadi Mirongo, Kulwa akiwa mgongoni mwake.

"Shikamoo, mzee," tulisema. Mzee Lalji aliitikia marahaba, akamketisha Kulwa juu ya kaunta, akampakatisha helikopta nyekundu iliyokwisha kutumika. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayeuza dawa. Kubwa haifai kujifunzia sarakasi, ikianguka imekwisha. Ndogo mno nayo upepo wa ziwa utaichukua. Hii ilikuwa ya kadiri, na muhimu zaidi, pangaboi lake liliweza kugeuza pembe juu na chini, ndiyo maana ikipinduka bado inaelea. Kulwa alilisukuma lile pangaboi kwa kidole, polepole, midomo yake ya bluu ikitabasamu. Kisha baba akaona kwenye rafu maboksi mawili mapya yaliyofanana, helikopta za betri, na bei ya yote mawili ilikuwa sawa na ya ile nyekundu moja.

"Hizo zinapanda na kushuka tu," Mzee Lalji alisema. "Hazibinuki. Mtoto atachezea wiki moja, basi."

Baba aliyatazama yale maboksi mawili. Nilijua anamsikia mama yake, bibi yetu wa Misungwi, ambaye tangu tuzaliwe hakuruhusu tupewe kitu kisicholingana. Hata muwa aliupima kwa kijiti kabla ya kuukata. "Mapacha hawapewi kimoja," alikuwa akisema. "Ukimpa mmoja, mwingine ataona wivu, ataondoka." Kuondoka kulimaanisha kufa, na kila mtu alijua. Baba akainama, akanitazama machoni.

"Doto, mama, wewe unasemaje? Tumpe Kulwa hii peke yake, au nawe unataka?"

Watu husema kuuliza si ujinga. Nikasema, "Na mimi nataka."

Baba akanunua zile mbili za betri, na Jumapili iliyofuata tulizirusha. Zilipanda hadi usawa wa kifua, zikayumba. Kulwa aliivuta rimoti huku na huku akijaribu kuibinua ya kwake, ikaanguka juu ya mawe, ikavunjika pangaboi. Nilimpa yangu. Akaisukuma kando. "Hiyo ni yako," alisema, wala hakusema kwa hasira. Alifariki kabla ya mvua za vuli. Msibani bibi alisema kwamba angalau hakuna aliyedhulumiwa.

Siku hizi sokoni Mwanza kuna vidude vya kuruka vinavyobinuka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Hakuna haja ya mwalimu, na watoto huvichoka kabla ya jioni. Nilivitazama mwaka jana, nikapanda basi kwenda Misungwi, anakoishi mama sasa, kumwambia nilichokificha miaka yote hiyo: sikuwa naitaka helikopta. Niliogopa tu kurudi nyumbani mikono mitupu, kama mtu asiyehesabiwa. Nilitaka anikemee, yaishe.

Mama hakuinua uso kutoka kwenye ungo wa mchele.

"Baba yako alijua utajibu hivyo," alisema. "Alimwogopa bibi yako, akamwogopa na Mungu. Akashindwa kumnyima Kulwa kwa mdomo wake, akatumia wako. Alinieleza usiku uleule."

Baba yumo kaburini, siwezi kumuuliza. Nilimpenda, na siku ile kwa mama nilimkasirikia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, naye alijua jibu kabla hajaniuliza.