Mawe ya Kisima Namba Tisa

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, alitunza ghala la mawe kwa miaka ishirini na tisa. Si mawe ya kujengea. Ni vipande vya mwamba, vinene kama mkono wa mtu, vilivyotolewa kila kilipochimbwa kisima cha mafuta pale pwani, vikapangwa kwenye masanduku ya mbao. Mgeni akiingia, kabla ya salamu anaambiwa: "Futa miguu. Haya yamemzidi babu yako umri." Na lilikuwepo neno moja ambalo shemeji hakuchoka kulitoa, hata msibani: hajawahi kukosea sanduku.

"Wanaume wengine hujisifia watoto," mkewe aliniambia. "Wangu anajisifia rafu za mawe."

Mwaka ule visima vyetu vilikuwa vimezeeka. Kwa kila ndoo ya mafuta vilitoa ndoo tisa za maji. Kampuni ikatangaza kwamba mwisho wa mwaka itafunga, na mawe yatafukiwa. Shemeji akaanza kubakiza chakula. Mimi, niliyesomea miamba, nilipewa wiki sita nitafute kama pembeni mwa eneo letu kumesalia chochote. Nikahamia ghalani.

Siku ya nne nikafikia kisima namba tisa, kilicho ukingoni kabisa. Mchanga unapotua majini, chembe kubwa hutangulia chini, ndogo zikafuata. Hapa kubwa zilikuwa juu, tabaka baada ya tabaka.

"Shemeji, mawe yako yamesimama kwa kichwa."

"Wewe ndiye umesimama kwa kichwa. Tazama mistari ya rangi kwenye mawe. Mwekundu ukiwa kulia na mweusi kushoto, basi mwisho ulio mbele yako ndio juu."

"Nani aliipaka?"

"Nani mwingine?"

Akachukua kipande, akakinusa, akakilamba, maana ulimi wake ulijua chembe kuliko miwani yake. Akakigeuza, akalamba tena. Kisha akakaa juu ya sanduku, jambo alilowakataza watu wote.

"Siku yalipoletwa haya, meza ilijaa," akasema taratibu. "Nilizunguka upande wa pili kupaka rangi."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umehama naye, na juu ikawekwa alama ya chini. Mchanga wenye harufu ya mafuta, tuliodhani uko chini ya udongo mgumu, pamoja na ule tuliokwisha kuunyonya, kumbe ulikuwa juu ya udongo huo. Tabaka jingine kabisa, halijaguswa. Lakini hakuna mhandisi ambaye angechimba kwa neno langu peke yake. Aliyechora mistari alipaswa kusimama kikaoni na kusema aliikosea.

"Tukisema vibarua waliyageuza wakati wa kuhamisha?" akajaribu.

"Na mistari nayo waliihamisha?"

Akaguna. "Una roho ngumu, shemeji."

"Nimeolewa kwenu, ningeipata wapi nyingine?"

Kikaoni alisimama kabla hajaitwa. "Namba tisa niliweka mistari kinyume. Ni mimi." Wahandisi vijana wakatazamana. Meneja akauliza kwa upole, "Mzee, una hakika hukukosea mengine?"

Nilimtazama. Kiapo chake cha miaka yote kilikuwa tayari mdomoni, na kukimeza kulimchukua muda.

"Sina hakika," akasema.

"Basi hatufukii kitu. Utayakagua yote, sanduku kwa sanduku."

Masanduku ni elfu kumi na moja.

Tulichimba karibu na namba tisa, na baada ya miezi minane mafuta yakaja. Hayakuwa bahari, ila yalitosha kutuweka kazini miaka kadhaa. Siku hiyo nilikimbia ghalani kumpa habari. Nikamkuta juu ya ngazi, kwenye sanduku la mia saba na kitu, ulimi nje.

"Yametoka!" nikamwambia.

"Nilijua," akasema, bila kushuka.

"Na huku, umepata kosa jingine la kutupa mafuta?"

"Bado," akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekatishwa tamaa.