Kalavati Tuliyomnyima Mzee wa Kinu

Jumanne iliyopita nilikuwa kwa kinyozi mjini Kisii, povu limenijaa mashavuni, mtu aliponiambia kwamba yule mzee wa kinu cha maji kule chini ya Marani amefariki na ameshazikwa. Kinyozi akauliza kama alikuwa ndugu yangu. Nikamwambia hapana, wala hakuwa rafiki. Tusidanganyane, msomaji wangu: mzee yule hakunipenda, nami sikumpenda. Alikuwa na ulimi mkali, kusifu hakujui, na kila akiniona njiani aliniita “Bwana Kalamu” kwa sauti iliyowafanya watu wageuke. Lakini nimesikia kwamba pale mazishini watu walishindana kumsifu, wakamwita baba wa maendeleo, na waliolia kwa sauti kubwa zaidi ni walewale waliomvunja moyo. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Kama ni kumsifu, mbona hatukumsifu angali anasikia?

Kwa vijana ambao hawakukiona, kinu kile alikijenga yeye mwenyewe miaka mingi kabla ya Uhuru. Alichimba mtaro kutoka mtoni hadi bondeni, akatengeneza gurudumu la mbao lililozidi kimo cha mtu, akachonga mawe mawili ya kusagia kutoka mwamba wa mlimani. Katika kinu kizima hakuna kilichotoka ng’ambo ila misumari, na hata hiyo aliinung’unikia. Kila baada ya wiki chache aliliinua jiwe la juu na kuchonga upya mifereji yake kwa patasi, kisha akajaribu unga kwa vidole viwili. Akisema unga wako una mchanga, ujue hukupepeta vizuri, na usithubutu kumbishia. Kabla ya kinu hicho mama yangu alisaga wimbi na mihogo kwa jiwe, amepiga magoti tangu alfajiri. Alikuwa akisema mzee yule ndiye aliyemrudishia magoti yake.

Basi Uhuru ukaja, na harambee ikaja, nasi tukaunda kamati ya kununua mashine ya kusaga ya dizeli. Mimi nilifanywa katibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Tukaenda mjini kwa mwenye duka mmoja, Mhindi aliyezaliwa papo hapo Kisii, naye akatuonya kwa uungwana: “Wazee wangu, injini nitawaletea. Lakini ikivunjika, spea inatoka Uingereza kwa meli. Hilo mmelifikiria?” Mwenyekiti wetu akamcheka. “Wewe unauza au unahubiri?” Sote tukacheka naye, maana hakuna kitu kilichotupendeza siku zile kama kitu kilichotoka mbali.

Barabara ya kwenda kwenye jengo la injini ilikuwa ikate ule mtaro wa kinu. Mzee akaja mkutanoni, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaomba. “Siikatai injini yenu,” alisema. “Leteni hata mbili. Ninaomba kalavati moja tu, maji yangu yapite chini ya barabara.” Mwenyekiti akasimama, akamwita Tata kama tunavyowaita wazee wetu kwa heshima, kisha akamvua heshima hiyo mbele za watu. “Tata, mgeni wa heshima anakuja kufungua mashine ya kisasa, halafu akute gurudumu la mbao linazunguka pembeni, likilia kii, kii? Unataka tuchekwe?” Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba ombi limekataliwa. Jumatatu tukaufukia mtaro. Hakuna mzungu aliyetulazimisha. Tulifukia wenyewe, tukiimba, kwa majembe ambayo nayo yalitoka ng’ambo.

Injini ilinguruma misimu kadhaa, tukatembea vifua mbele. Kisha kikavunjika kifaa kidogo cha kurushia dizeli, hakizidi kidole gumba. Tukaandika barua. Mwenye duka naye akaandika barua. Miezi ikapita, mahindi yakavunwa, na wanawake wakarudia mawe yao majumbani, au wakajitwika magunia hadi mjini. Siku moja nikamkuta mama yangu, mtu mzima mwenye mvi, amepiga magoti juu ya jiwe anasaga, jasho linamtoka. Nikajifanya kumpa pole. “Pole ya nini?” akafoka. “Si wewe uliyeandika? Haya, piga magoti hapa usage kwa hiyo kalamu yako!”

Kamati ikaenda kwa mzee. Alitupokea vizuri mno, jambo lililonitia wasiwasi. Akatuketisha kwenye mabenchi mazito, tukaletewa uji wa wimbi. Mwenyekiti akakohoa, akasema, “Tata, tumekuja kwa unyenyekevu. Tunaomba lile gurudumu lirudi kazini, na mtaro tutaufukua.” “Gurudumu?” mzee akasema. “Si mmelikalia?” Tukainama kutazama, na kweli, mbao za mabenchi zilikuwa na matundu ya misumari na upinde wa gurudumu. Hakuna aliyemaliza uji wake siku ile.

Siku hizi nasikia watu wakilalamika, kuanzia Nyamache hadi Sironga, kwamba wageni wametuulia ufundi. Wageni gani? Nani alimlazimisha bibi harusi kukataa kiti cha fundi wa kijijini akadai cha dukani? Nani alitufundisha kuuliza “hii ni ya hapa?” huku tumekunja pua? Umaskini nao tunausingizia bure. Kalavati ile tungeweza kuiweka kwa siku mbili. Tulichokosa ni ujasiri wa kuonekana na kitu chetu wenyewe mbele ya mgeni, na kwa ajili ya aibu hiyo ya kipumbavu tukawarudisha mama zetu magotini. Meli zinaleta tu kile tunachokililia.

Mwaka juzi nilimtembelea mzee peke yangu. Alikuwa amedhoofika, lakini ulimi ulikuwa uleule. Nikamwuliza kwa nini hakujenga kinu kingine, maana mto bado upo na miti bado ipo. “Ningejenga kwa miezi mitatu,” akanijibu. “Nilingoja. Mlikuja wengi, mkaniomba gurudumu. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniomba nimfundishe.” Kisha akanitazama, na sasa najua kwamba alikuwa akinipa nafasi. Nilikuwa mbele yake, mtu mzima mwenye afya na mikono miwili. Nikamshukuru, nikamuaga, nikaenda zangu. Leo hakuna mtu katika eneo letu zima la Kitutu anayejua kulichonga jiwe lile.