Mbuzi wa Honi

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyomkimbia mama mkwe nikiwa nimekaa juu ya foklifti. Usicheke bado, cheka nikimaliza, maana siku ile nusura nizike mtu. Nimesikia umepata leseni ya kuendesha ile mashine, na kazi umeipata kwenye maghala mapya kule nje ya mji. Nimefurahi sana. Ila kabla hujapanda, vuta kigoda ukae, kwa sababu chuoni wamekufundisha mashine, hawakukufundisha watu.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mwembamba, mwingi wa maneno, kichwa kigumu. Nilipanga chumba Chang'ombe ya hapa Dodoma na kufanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha kukamua alizeti hapa mjini. Foklifti ilikuwa moja tu, ya njano, kuukuu, ikikohoa kila asubuhi kama babu aliyelala nje. Kazi yangu ilikuwa kuchota paleti, zile chaga za mbao zilizopangwa magunia, kwa yale meno yake mawili ya chuma, kuziingiza godauni na kuzipanga. Mtaani waliniita Dereva, na mimi nikavimba kichwa.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Kalinga, Mhehe wa Iringa. Unajua Mhehe na Mgogo kama mimi ni watani, kwa hiyo yule mzee alikuwa na ruhusa ya kunitukana tangu saa moja asubuhi mpaka kengele ya jioni, na ruhusa hiyo aliitumia yote. Lakini kwenye usalama hakuwa na mzaha. Alinunua rangi nyekundu, akaandika sheria kwenye ukuta wa godauni kwa herufi za kutisha: funga mkanda, beba mzigo chini, angalia unakokwenda, piga honi kila kona, na kabla ya kushuka vuta breki ya mkono, shusha meno, zima. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, tena kwa rangi nyekundu.

Sasa ngoja nikuambie kilichoniponza. Nilikuwa nimemposa binti mmoja wa kijiji cha Haneti, jina lake Sechelela. Ndiye huyo bibi unayemsikia jikoni akilalamika kwamba chai inapoa. Posa ilikuwa imepokelewa, imebaki kutajwa siku ya harusi tu. Basi mwaka ule mvua ikagoma, mashamba ya Haneti yakakauka, na mama yake Sechelela akaja mjini kutafuta kibarua. Mji wote huu ulivyo mkubwa, akakipata wapi? Godauni kwetu, kupepeta alizeti.

Kwetu mkwe hatazamwi, mwanangu. Nyinyi wa siku hizi mnapiga picha mmekumbatiana na wakwe zenu, Mungu awasamehe. Sisi, ukimwona mama mkwe anakuja njiani, unaingia porini hata kama kuna miiba. Humtazami usoni, humpiti karibu. Na yeye vivyo hivyo, akikusikia unakuja anajifunika khanga, anakupa mgongo. Ni heshima nzuri, siisemi vibaya, imelinda nyumba nyingi. Lakini waliotuachia mila ile walikuwa wanatembea kwa miguu. Hakuna kati yao aliyekalia tani tatu za chuma.

Siku ya kwanza kumwona pale kwenye kona ya alizeti, niligeuza uso pembeni kama mtu aliyeitwa, na mashine ikaendelea na safari yake. Tukapitana salama. Hapo ndipo shetani anapoanzia, pale unapokosea na lisikupate lolote.

Siku ya pili nikashusha kofia mpaka puani. Siku ya tatu nikaanza kwenda kinyumenyume ili nimpe mgongo. Kwenda kinyumenyume kwa foklifti ni halali kabisa, na ndivyo inavyotakiwa mzigo ukikuziba mbele, lakini unageuza shingo ukaangalia unakokwenda. Mimi nilikwenda nyuma huku nimekaza macho mbele, kwa adabu. Mwisho wa wiki nikagundua dawa kubwa kuliko zote: nikiinua paleti juu, magunia yananificha kabisa. Simwoni, hanioni. Watu husema macho hayana pazia. Mimi nikalishona la magunia.

Na honi? Thubutu! Nilivyolelewa mimi, kumpigia mtu mzima honi ni kumwambia "wewe, toka." Nilikuwa radhi kugonga ukuta kuliko kumwambia mama yake Sechelela atoke. Kwa hiyo kila nikiikaribia ile kona nilikuwa napunguza mwendo na mlio, nanyata. Hebu fikiria foklifti inayonyata.

Mzee Kalinga akaniona, akanisimamisha mbele ya wenzangu.

"Wewe Mgogo, mbona unaendesha kama mwizi wa kuku?"

"Mzee, shikamoo. Pale konani kuna mkwe wangu."

"Marahaba. Ukutani pameandikwa honi kila kona. Hapakuandikwa isipokuwa penye mkwe."

"Nyinyi Wahehe mnakula mbwa, adabu ya wakwe mtaijulia wapi?"

Godauni zima likaangua kicheko, na Mzee Kalinga mwenyewe akacheka mpaka akafuta machozi. Neno lake la kweli likapotelea humo humo kwenye kicheko. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ubaya ni kwamba guu lililokuwa hatarini halikuwa langu.

Ikawa Jumatano, karibu na saa nne, watu wanaiwaza chai. Nilikuwa nimebeba paleti ya mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokwisha kukamuliwa, nimeiinua juu kama kawaida yangu, uso nimeupeleka dirishani. Mama alikuwa anatoka na ungo wake mkononi. Akasikia injini imekaribia, lakini bila honi hakujua natokea upande gani. Akafanya alivyofanya siku zote. Akajitanda khanga mpaka machoni, akageukia rundo la magunia lililoegemea ukuta, akasimama tuli. Basi hapo, mwanangu, palikuwa na watu wawili wenye adabu kuliko wote Dodoma nzima, hakuna anayemwangalia mwenzake, na mashine inakwenda.

Nikasikia pu! Nikakanyaga breki. Magunia mawili yakaporomoka kutoka juu ya paleti, moja likapasukia miguuni pake, vumbi la mashudu likajaa hewani. Pembe ya paleti ilikuwa imempita begani kwa kiasi cha kiganja, ikaishindilia khanga yake kwenye rundo. Alikuwa hawezi kwenda mbele wala nyuma, amefungwa na khanga yake mwenyewe. Kisha nikaisikia sauti yake, na hilo ndilo neno la kwanza alilowahi kuniambia maishani.

"Mkwe! Unataka kuniua kwa adabu?"

Nilichanganyikiwa. Nikafanya kosa kubwa kuliko la kwanza. Nikaruka chini ili nipige magoti niombe radhi, mashine inanguruma, mzigo uko juu, breki ya mkono sijaigusa. Na sakafu ile ilikuwa na mteremko kidogo kuelekea kwenye rundo. Nimepiga goti moja, la pili liko njiani, naona gurudumu linajongea.

"Breki ya mkono!" Mama akapiga kelele. "Panda uvute breki!"

Nikapanda mbio, nikavuta.

"Sasa rudi nyuma taratibu. Angalia nyuma kwanza, wewe! Haya. Vuta tena breki. Shusha chini. Zima!"

Nikafanya kila alichosema, kimoja baada ya kingine. Injini ilipozimika nilikuwa nalia waziwazi, sioni haya kukuambia. Mama akaketi juu ya gunia, khanga imechanika, mashudu yamemjaa kichwani.

"Mama," nikasema nikitazama chini, "mambo ya breki umeyajulia wapi?"

"Kila ukipita nageukia ukuta. Unadhani huko ukutani nilikuwa nasoma nini? Zaburi?"

Kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau mpaka leo. "Nyumbani mimi ni mkwe wako, na ukinitazama usoni nitakudai mbuzi. Lakini ukiwa juu ya lidude hilo, mimi si mkwe. Mimi ni mtu aliye mbele yako. Nitazame. Nipigie hiyo honi. Maana leo ningekufa hapa, mwanangu Sechelela angevaa kaniki badala ya shela, na wewe ndiye ungekuwa umemvalisha."

Mzee Kalinga alikuja, akachomoa ufunguo, akanipa ufagio. "Mgogo, umepanda cheo," akasema, na safari hii hakucheka. Nikafagia godauni mwezi mzima.

Ufagio haukuniuma kama Haneti. Habari ilifika huko jua halijazama, tena imenenepa njiani, inasema nimemkanyaga mama mkwe mara mbili. Baba yake Sechelela akatuma neno kwamba mambo ya harusi yasimame kwanza, niende nikajieleze. Sikulala vizuri siku kadhaa. Nilimpenda yule binti, na niliona wazi kwamba nimempoteza kwa mikono yangu. Jumapili nikaongozana na mjomba wangu, tukakuta wazee wamekaa.

Nilidhani wataniuliza habari za paleti. Kumbe kilichowashughulisha ni kama nilimtazama mkwe usoni wakati narudisha mashine nyuma kumfungua. Mzee mmoja akasema nilimtazama, na hilo halina msamaha. Mwingine akasema macho ya kwenye ajali hayahesabiwi. Wakavutana hivyo mpaka sauti ikatoka ndani, nyuma ya mlango, maana mama naye alikuwa hawezi kukaa mbele yangu.

"Alinitazama alipokwisha kunikosakosa," akasema. "Mimi ningependa anitazame kabla."

Baba mkwe akakuna ndevu, akauliza swali ambalo nadhani halijawahi kuulizwa mahali pengine popote chini ya jua: "Honi ni tusi, au ni salamu?" Walilijadili swali hilo mpaka jua likawa utosini. Mwisho wakakata shauri. Nitoe mbuzi mmoja wa kufungua macho na honi. Tangu siku hiyo, nikiwa juu ya mashine nitamtazama mkwe na nitampigia honi. Nikishuka, porini kama kawaida. Mbuzi akachinjwa, akaliwa, na siku ya harusi ikatajwa hapo hapo huku mchuzi ukiwa midomoni. Mpaka leo ukienda Haneti ukiuliza habari za mbuzi wa honi, wazee watakuonyesha hata mahali alipochunwa.

Mwezi ulipokwisha Mzee Kalinga alinisomesha ukuta wote kwa sauti, kisha akanirudishia ufunguo. Nikapanda, nikafunga mkanda, nikabeba mzigo chini. Nilipofika kwenye ile kona nikapiga honi, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakubwa.

Kutoka nyuma ya magunia sauti ikaitika: "Marahaba!"

Akatoka, akasimama pembeni, akafunua khanga. Tukatazamana macho kwa macho, mimi na mama mkwe wangu. Akanipungia mkono nipite, nikapita. Miaka yote tuliyofanya kazi pale honi yangu ilikuwa shikamoo, na hakuna hata moja ambayo hakuiitikia. Mzee Kalinga, kwa utani wake, akawa anaitikia marahaba hata honi za malori barabarani.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Heshima si utumwa, na juu ya mashine heshima ni macho. Aliye mbele yako mtazame, na yeye akutazame, ndipo upite. Mzigo ukikuziba, nenda kinyumenyume na shingo uigeuze kweli. Mkanda ufunge hata kama unahamisha kitu kutoka hapa mpaka pale mlangoni, na siku mashine ikitaka kupinduka usiruke, kaa, shika usukani kwa nguvu, maana wanaoruka ndio inaowalalia. Mtu asipande kwenye yale meno, hata awe nani, hata akuambie ni dakika moja tu. Na usiiache mashine inawaka ukashuka, hata kwenda kuomba radhi.

Pazia langu lilikuwa mkwe. Wewe utakuwa na lako. Labda ni simu, labda ni binti wa ofisini unayetaka akuone unavyokata kona, labda ni bosi aliyesimama njiani na wewe unaona aibu kumwambia asogee. Mpigie honi bosi. Akikasirika, mwambie Haneti tulishalikata hilo shauri. Na yeyote atakayekuambia ajali haina kinga, muulize kama amewahi kuusoma ukuta wa kazini kwao.

Mama yake Sechelela alifariki kwao Haneti, kitandani kwake, meno yamebaki matatu, wajukuu wamejaa mpaka mlangoni na bado anawagombeza. Nililia sana siku ile, lakini nilimzika kama mkwe anavyomzika mkwe, mikono yangu ikiwa safi. Na hiyo ndiyo dua yangu kwako. Nenda kazini kwa amani, Mungu akulinde, akurudishe kila jioni ukiwa mzima. Na kila atakayepita mbele ya mashine yako, Mungu ampe kufa kwa uzee, kitandani kwake, na wewe uende ukamlilie bila hatia.