Kuni Zenye Vichwa Vyekundu

Jirani yangu Bi Zuleica, huku kwetu Quionga, Msumbiji, hakuwahi kununua kuni, na hakuwahi kukosa moto. Jiko lake alilifinyanga mwenyewe kwa udongo, na mdomo wa jiko lile ulikula kila kitu: mguu wa benchi, kinu kilichopasuka, fremu ya mlango wa marehemu mumewe, hata kiti cha shule ambacho mwalimu alikitafuta mpaka akachoka. Ukiacha mpini wa jembe uani kwake ukageuka kunywa maji, shauri yako. Mimi nilipoteza mwiko mrefu wa shughuli namna hiyo, na bado sijamsamehe.

Basi gesi ikapatikana huko baharini, magari yakaanza kuja. Siku moja wapimaji walipita shambani kwake wakipigilia vigingi vya mbao vyenye vichwa vyekundu. Kiongozi wao, Paulino, kijana wa serikali kutoka Beira, alimweleza kwa upole kwamba barabara itapita hapo, na banda lake la jiko litabomolewa. Atajengewa jingine kwingine.

"Kwingine wapi?" aliuliza Bi Zuleica.

"Projecto bado haijasema, Mamã."

Bi Zuleica alilitazama jiko lake tu. Hapo ndipo alipowapikia wanawe uji, hapo walipoota moto wakati wa mvua, na sasa kila mtu yuko kwake. Niliona machozi yanamlenga, moyo ukaniuma, maana Zuleica si mtu wa kulia. Kesho yake asubuhi nilikwenda kuomba moto kwake, kama tunavyofanya majirani wote, nikakuta vigingi vimekatwakatwa na kupangwa kando ya jiko.

"Shoga! Hizo mali za serikali!"

"Kilichoota shambani kwangu bila mimi kukipanda ni kuni," akasema. "Mbao kavu hizi, hazina hata fundo. Chukua kaa lako uende."

Nikachukua, na wenzangu wakachukua. Siku ile mtaa mzima ulikunywa chai iliyochemshwa kwa barabara.

Paulino akarudi, akavikosa, akapigilia vingine. Bi Zuleica akaving'oa navyo. Tatizo lilikuwa moja tu: rangi ile nyekundu ilinuka kwenye wali. Tangu hapo akawa anakata vichwa kwanza na kuvitumbukiza chooni.

Safari iliyofuata wapimaji walipigilia vipya asubuhi, wakasonga mbele na gari lao. Bi Zuleica hakungoja hata vumbi litue. Alikuwa na samaki wa nazi wa kupika, na kwa kuwa alijua hawarudi ila jioni, akavisukuma jikoni vizima vizima, na vichwa vyake. Kumbe gari lilikwama mchangani. Adhuhuri nikamwona Paulino anarudi kwa miguu na wenzake, jasho linawatiririka, njaa imewakaba.

Kwetu mgeni akikukuta chungu kimeiva, huulizani naye habari kabla hajala. Bi Zuleica akaidaka bahati yake. "Karibuni, wanangu! Mle kwanza." Akatandika jamvi, akawanawisha, akapakua sinia. Paulino alikwishafungua mdomo aulize. Akaufunga kwa tonge.

Ndipo nilipokiona. Kichwa chekundu kimetokeza mdomoni mwa jiko, rangi inatoa mapovu, na Paulino amekaa kukielekea. Nilitamani ardhi inimeze. Bi Zuleica naye alikiona.

Paulino alitafuna polepole. Alikitazama kigingi, akamtazama mama wa watu, akalitazama jiko. Wenzake walikuwa wameinamia sinia. Kisha akanyoosha mguu, akakisukuma ndani taratibu mpaka kikazama motoni.

"Mamã," akasema, "samaki amekolea huyu. Niongeze kidogo."

Haikupita wiki, mstari wa barabara ukahamishiwa ng'ambo ya minazi, mbali na banda. Tulipiga vigelegele. Bi Zuleica akajitwika kikapu, akaenda kujionea mwenyewe, akarudi nacho kitupu, amenuna.

"Vya chuma!" akasema. "Mara hii wamepigilia vya chuma. Nimempa wali wangu wote yule mtoto, naye ameninyima kuni."