Sindano ya Kamera ya Mama

Kifuko cha kamera ya mama bado kinanuka ngozi kuukuu na vumbi la Ipagala tulikoishi. Nikikifungua narudi kuwa mtoto wa darasa la tatu, mwenye vidole visivyotulia. Ilikuwa miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani, na mama, aliyekuwa mpiga picha, akajipatia kamera ya mtumba.

Kwa vile hakuiamini sana, kila asubuhi jua likishapanda aliielekeza kwenye udongo mtupu wa uani, akatazama sindano ya kupimia mwanga. Alijua kwa kichwa inapopaswa kusimama. Ikisimama hapo alisema, "Leo haisemi uongo," tukaenda kunywa chai.

Siku moja tulikuwa tunakwenda Mvumi kumpiga picha bibi, mama yake mama. Alikuwa mgonjwa, na hakuwa na picha hata moja. Mama alipokwisha kupima akaingia ndani kubadili nguo. Nami nikakizungusha kiduara cha namba juu ya kamera, kinachowekwa kulingana na aina ya filamu, kutoka mia moja ya filamu yetu hadi mia nne. Nilimpenda bibi, na nilidhani namba kubwa huleta mwanga mwingi.

Bibi alikataa kukaa uani. "Jua hili nimelilimia maisha yangu yote, mwanangu. Leo niache kivulini." Juani mama angebahatisha kwa uzoefu, kivulini aliifuata sindano.

Asubuhi iliyofuata mama alipopima, aliitazama kamera kwa muda mrefu, akazungusha kitu, akabandika kipande cha plasta juu yake. "Jumapili tutarudi kwa bibi," akasema. Bibi alifariki Ijumaa.

Picha zilipotoka, kilichoonekana vizuri ni kitambaa chake cheupe cha kichwani. Uso ulikuwa giza. Wajomba walinung'unika sana.

"Nisameheni, kaka zangu," mama akawajibu. "Sindano imezeeka."

Niliamini, nikaichukia sindano ile kwa miaka mingi.

Mwezi uliopita, mama akiwa hayupo tena duniani, niliibandua ile plasta. Chini yake kiduara kilikuwa kwenye mia moja, si mia nne niliyoiacha; sasa najua namba kubwa huifanya sindano idai mwanga mdogo, na picha hutoka giza. Nikatoka na kamera uani, nikaielekeza kwenye udongo. Sindano ikasimama palepale pa siku zote; haikuwa imezeeka, na mama alilijua hilo. Nilikaa chini nikalia. Mama alikosa uso wa mama yake kwa mkono wangu, na wajomba walimlaumu yeye hadi mwisho.