Koti Lililokosa Mkono

Bibi yangu Ustinia alikuwa mshonaji hodari kuliko wote pale Metini, kijiji chetu cha pwani, na hicho ndicho kilichomponza. Mimi ningeshona vibaya tangu mwanzo.

Warusi walijenga ngome juu ya jabali letu, wakaleta watu wa Kodiak, huko kaskazini, wawawindie fisi-maji, wanyama wa baharini wenye manyoya ya thamani. Mmoja wao, Sisoi, akamwoa bibi. Ndiye aliyemfundisha kushona koti la utumbo wa simba-bahari, lisilopitisha hata tone. Mwanamume wa Kodiak haingii baharini bila koti lililoshonwa na mkewe. Bibi aliishika desturi hiyo kuliko waliokuja nayo.

Fisi-maji wakaisha. Warusi wakauza ngome, na habari zikaja kwamba baada ya miezi miwili meli ingewarudisha Wakodiak kwao. Bibi hakulia wala hakumwomba mumewe abaki. Alianza koti jipya, polepole. Leo utumbo haujakauka, kesho sindano imevunjika.

"Mama Melania, hilo koti ni langu au la nyangumi?" Sisoi alimtania.

"Unataka ulowe?"

"Nataka nilivae kabla sijang'oka meno."

Meli ilipotia nanga, mkono mmoja ulikuwa bado. Sisoi alikuja amembeba binti yao Melania, wa miaka sita. Baba yangu, mchanga, alikuwa mgongoni kwa bibi.

"Koti halijaisha," bibi alisema. "Huwezi kusafiri."

Sisoi alimtazama, akaitazama meli. "Ustinia, ile ina sitaha. Nitakaa chini, na magunia; sitalowa."

Meli bibi alikuwa ameziona miaka yote. Ila kwake mumewe alikuwa mtu wa mtumbwi wa ngozi; hakuwahi kumwaza akipakiwa kama mzigo.

"Twende sote basi," Sisoi alisema. "Mashua ile pale."

"Na mama?" Mama yake bibi alikuwa kipofu, juu kilimani, akimngoja amlishe. Ile miezi miwili ingetosha kumtafutia mtu wa kumtunza. "Ngojeni mpaka kesho."

"Hawangoji."

"Basi niachie Melania."

Mtoto alimkumbatia baba yake shingoni. "Mama, utatuletea koti?"

"Nitaleta."

Mashua ikaondoka nao wawili. Mkono ule bibi aliumaliza kwa siku nne. Meli ya kumpeleka Kodiak haikuja.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza, "Bibi, kwa nini hukumwambia tu abaki?"

Aliendelea kukoroga uji wa mbegu za mwaloni mpaka ukaungua. "Nilidhani anaona ninavyoshona," alisema.