Sikio la Douce

Mathilde, fundi cherehani katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mwenyeji wa Bukavu, alijaliwa mtoto alipokuwa amekwisha kukata tamaa ya kuzaa. Mtoto huyo, Douce, alifikisha miaka mitatu bila kutamka neno. Majirani walinong'ona kwamba ni kiziwi. Mathilde hakukubali. Kila siku aliona dalili: mkasi umeanguka, Douce kageuka, mlango umegongwa, Douce katazama.

"Baba Douce, uliona? Amesikia!"

Mumewe Apollinaire, mpiga ngoma wa kwaya, alitikisa kichwa. "We njo unaona bile moyo yako inataka. Mi sikuona kitu."

Chumba kimoja, mtoto mmoja, na kila mzazi akiona lake.

Mwishowe walimpeleka Lilongwe, kwa mtaalamu wa masikio, mama wa Kimalawi mpole. Alimketisha Douce katikati ya spika mbili, Mathilde akakaa mbele yake. Sauti ya kwanza ililia. Douce akageuka.

"Njo ile! Amesikia!" Mathilde aliruka.

"Mama," mtaalamu alisema kwa Kichewa, polepole ili wamwelewe, "wewe umetazama huko kabla yake. Anafuata macho yako. Hebu kaa nyuma yake."

Mathilde akahamia nyuma. Sauti nyembamba ikalia. Douce alikuwa akichezea kifungo cha gauni lake, akaendelea. Ikaongezwa, na kuongezwa tena, hata masikio ya Mathilde yakauma. Mtoto na kifungo chake. Basi siku zote zile ni yeye mama aliyekuwa akishtuka kwanza! Mathilde alifumba macho. Hakutaka kuona chochote tena.

Ikaja sauti nyingine, nzito, ya chini kabisa.

"Mama Douce." Apollinaire alikuwa mlangoni. "Fungua macho."

Douce alikuwa ameachia kifungo. Uso wake ulielekea spika ya kushoto. Mtaalamu akahamisha sauti kulia, na kichwa kile kidogo kikageuka kulia, mdomo wazi.

"Zikomo, mama. Rudilia," Apollinaire alishukuru kwa Kichewa, akaomba arudie. "Rudilia tena." Kisha akaketi sakafuni pale pale. "Huyu mutoto, nikipiga ngoma anaachaka kulia. Niliona, Mathilde. Nikasema ni usingizi tu. Niliogopa kuona."

Mtaalamu aliwaeleza kwamba sauti nyembamba zinampita Douce, ila nzito zinamfikia, na kifaa cha sikio kitamsaidia kupata nyingine.

Kifaa kilipatikana baada ya mvua kwisha. Siku alipovalishwa, Mathilde alisimama nyuma ya mwanawe, asimguse, asitikisike. Akaita jina lake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita mtoto aje kula.

Douce akageuka. Akaukazia macho mdomo wa mama yake, kama mtu aliyeona maji yakichuruzika kutoka kwenye jiwe, kisha akanyoosha kidole, akaugusa.